Paka amekutwa na sukari: kumlisha na kumdunga insulini nyumbani, hapa Bukavu

Kwetu Kadutu paka hufugwa kwa ajili ya panya. Hakuna anayempima uzito wala kumhesabia miaka. Kwa hiyo Muzee, dume letu, alipoanza kukaa kando ya bidoni ya maji kama mtu anayengoja zamu bombani, tulimcheka. Anakunywa, anatoka kukojoa, anarudi kunywa. Anamaliza sahani yake, anaomba nyingine, na bado mifupa ya mgongo inahesabika. Kilichotushtua ni miguu: alianza kutembea kwa visigino, miguu ya nyuma imelala chini hadi kifundoni badala ya kusimama kwa vidole kama paka wote. Nikamtia kikapuni, nikapanda naye teksi-moto hadi kwa daktari wa mifugo. Jibu likawa sukari.

Nyumbani tuna koko, mama yake mama, ambaye amejidunga insulini kwa miaka mingi. Aliposikia alisema, "Sasa nimepata mwenzangu wa kunyimwa vitu." Mengi ya humu nimeyapata kwa daktari, mengine kwenye makosa yetu. Kipimo cha dawa cha paka wako atakupa daktari wake. Mimi naandika kazi ya nyumbani, ile inayokuangukia wewe asubuhi na jioni.

Je, ni sukari kweli?

Paka akitishwa, sukari yake hupanda yenyewe. Mpitishe kwenye msongamano wa Nyawera akiwa kikapuni, kisha mtu asiyemjua amshike sikio: mashine inaweza kusoma 300 mg/dL kwa paka asiye na ugonjwa wowote, wakati kawaida yake akiwa ametulia ni kama 80 hadi 120. Namba moja ya kliniki haitoshi. Dalili ziwepo, na mkojo nao uwe na sukari. Penye maabara kubwa kuna kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha hali ya wiki mbili hivi zilizopita, na hofu ya siku hiyo haikibadilishi.

Mkojo wa paka anayejisaidia nje unapatikana hivi: mfungie chumbani usiku pamoja na beseni lenye changarawe zilizooshwa zikakauka. Changarawe hazinyonyi mkojo. Asubuhi unainamisha beseni, unachovya bandeleti, kile kijikaratasi cha kupimia, unasoma rangi. Nunua bandeleti zinazoonyesha vitu viwili, sukari na ketoni, yaani sumu inayobaki mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Utazihitaji hata baadaye.

Kuna swali ambalo daktari akiuliza umjibu ukweli, na asipouliza umwambie: je, paka amepewa deksametazoni au prednisoloni, zile dawa za steroidi, miezi hii? Hapa mjini "deksa" hutolewa kirahisi mno, kwa mtu na kwa mnyama. Dawa za jamii hiyo hupandisha sukari, na kuna paka ambao hupata nafuu kubwa zikiachishwa kwa utaratibu wa daktari. Muzee alikuwa amedungwa mara tatu kwa sababu ya kujikuna. Hatukuambiwa kitu, nasi hatukuuliza.

Insulini na seringe yake

Paka wengi huanzishwa glargini, ambayo ni ya binadamu, au insulini za mifugo kama ProZinc na Caninsulin. Kabla ya kulipa soma namba kwenye chupa. U-100 ina yuniti 100 ndani ya mililita moja, U-40 ina 40, na kila moja ina seringe yake. Ukivuta insulini ya U-100 kwa seringe ya U-40 hadi alama ya 1, umevuta yuniti mbili na nusu. Kwa paka wa kilo tano, kosa hilo linaweza kumuua. Famasi ikikuambia "seringe ni seringe tu", toka.

Kipimo cha kuanzia huwa kidogo hadi mtu anadhani daktari amesahau sifuri: mara nyingi ni yuniti moja hivi kila baada ya saa 12, pengine pungufu, na ni nadra kuzidi mbili. Tafuta seringe ya mililita 0.3 yenye alama za nusu yuniti. Kalamu nyingi za insulini za binadamu hupanda yuniti moja-moja, kwa hiyo nusu huwezi kuipata humo.

Insulini ya koko ni ya koko. Nakiri tuliiwazia, maana chupa ilikuwa pale pale na ya paka ilitugharimu siku nne za kuitafuta. Yake ni ya mchanganyiko, imo sehemu inayofanya kazi haraka, na kwa paka mambo huenda mbio kuliko kwa mtu. Daktari alikataa katakata. Sasa chupa mbili zinakaa kwenye visanduku tofauti, cha Muzee kimefungwa kamba nyekundu, kwa sababu koko haoni vizuri jioni.

Sahani

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, nasi tulikuwa wa kwanza. Paka ni mla nyama kwa maumbile; wanga hauhitaji, na mwili wake hauuwezi kwa wingi. Muzee alilelewa na malewa ya jirani, kile kimgahawa chake: bugali iliyochovywa kwenye mchuzi wa samaki, wali wa jana, ncha za mikate. Alifika kilo saba. Dume, amehasiwa, mnene, umri umepita miaka saba: ukitaka kumchora paka wa kupata sukari, utamchora huyo.

Kwa hiyo bugali inatoka, ya mahindi na ya muhogo. Wali, viazi, ndizi, mkate, maandazi na chai ya maziwa vinatoka pia. Lakini usivitoe kwa siku moja huku ukidunga kipimo kilekile! Wanga ukipungua, haja ya insulini nayo hupungua, wakati mwingine ndani ya siku chache. Paka aliyehesabiwa yuniti mbili akiwa anakula bugali anaweza kuanguka kwa yuniti hizo hizo akila samaki mtupu. Mwambie daktari siku unayoanza kubadilisha sahani, badilisha kwa muda wa wiki moja hivi, na katika wiki hiyo pima mara nyingi zaidi. Ukianza chakula kipya kwanza na insulini baadaye kwa ushauri wake, ni vyema zaidi.

Kinachoingia kwetu ni sambaza. Samaki hawa waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na sijui paka wa Bukavu waliishije kabla ya hapo. Nunua wabichi asubuhi, wachemshe kwa maji kidogo bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu wala kitunguu saumu. Hivyo viwili ni sumu kwa damu ya paka. Wape wazima, na vichwa vyao na miiba yao laini, maana kalsiamu imo humo. Usimpe wabichi: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Maji ya kuchemshia usiyamwage, yarudishe juu ya chakula, kwani taurini, ambayo macho na moyo wa paka haviwezi kuishi bila hiyo, huyeyukia humo. Sambaza waliokaushwa kwa chumvi waloweke, umwage maji, uloweke tena.

Samaki peke yake kila siku pia haifai. Badilisha na kuku, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, firigisi, yai lililoiva. Moyo wa ng'ombe ni mzuri kwa sababu una taurini nyingi, na kwa mchinjaji ni rahisi kuliko steki. Ini kipande kidogo mara moja kwa wiki, basi. Siku za nyama isiyo na mfupa tunasaga ganda la yai lililokaushwa hadi liwe unga: nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama. Hata hivyo chakula cha kupika nyumbani mara nyingi hupungukiwa kitu. Ukiweza kupata makopo ya chakula kamili cha paka, hata kwa siku chache za wiki, yatakusaidia kuziba pengo, na mwonyeshe daktari orodha yako.

Kuhusu kroketi, zile punje kavu za mfukoni: wanga wake hauandikwi, inabidi uutafute mwenyewe. Chukua 100, toa protini, mafuta, maji, majivu na nyuzi. Mfuko wenye protini 30, mafuta 12, maji 10, majivu 8 na nyuzi 4 unabakiza 36. Zaidi ya theluthi moja ya mfuko ni wanga, na umelipia bei ya nyama.

Muzee anapata kama gramu 180 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni. Wako atahesabiwa kwa uzito wake. Akiwa mnene, apungue polepole, asilimia 1 au 2 ya uzito kwa wiki. Usimfungishe kamwe: paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hujaa kwenye ini, na ugonjwa huo nao huua. Mizani tunaazima kwa mama anayeuza sambaza, ile ya ndoano. Unaning'iniza kikapu kitupu, unasoma, kisha kikapu na paka. Wanunuzi wake walishaacha kushangaa.

Jirani wa malewa nilimwendea mwenyewe. "Mama, Muzee ana diabete, akila bugali yako atakufa." Akajibu, "Kumbe! Na mimi nilidhani namlisha mfupa wa baraka." Tangu hapo anamfukuza kwa ufagio, na Muzee bado hajamsamehe.

Asubuhi na jioni

Chagua saa mbili unazoweza kuzishika kila siku, Jumapili pia. Sisi ni saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ukichelewa nusu saa si kitu.

1. Weka chakula, umtazame akila. Hii ndiyo hatua ambayo hairukwi. Akikataa kabisa au akitapika, usidunge. Piga simu kwa daktari. Akila nusu tu, wengi huambiwa wadunge nusu ya kipimo, lakini mwulize wako mapema kabla siku hiyo haijafika.

2. Tayarisha insulini. Yenye ukungu kama ProZinc izungushe taratibu kati ya viganja hadi iwe rangi moja. Nyingine, kama Caninsulin, hutikiswa, kwa hiyo soma karatasi yake. Glargini huwa maji maangavu: usiitikise, usiizimue. Ikionyesha ukungu au vipande, itupe.

3. Vuta zaidi kidogo, gonga seringe kwa ukucha ili mapovu yapande, yarudishe chupani, usimame kwenye alama yako. Povu moja kwenye kipimo cha yuniti moja ni dawa uliyokosa kumpa.

4. Akiwa bado anakula, inua ngozi ya ubavuni au ya pajani iwe kama hema, ingiza sindano chini ya hema hilo, sukuma, toa. Shingoni watu hupapenda kwa kuwa ngozi ni rahisi kushika, ila ubavuni na pajani hunyonya vizuri zaidi. Leo kushoto, kesho kulia.

5. Gusa manyoya. Yakiwa yamelowa na kunuka dawa, sindano ilitokea upande wa pili. Usirudie. Hata robo iliyoingia huijui ni robo gani, na sukari ya juu ya nusu siku haitamuua.

6. Sindano iliyotumika iingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Ikijaa, peleka kituo cha afya wanakochoma za watu. Kwenye takataka za Kadutu kuna watoto wanaookota.

Mkono utatetemeka siku tatu za kwanza. Wangu ulitetemeka kumi. Muzee hakuonyesha dalili ya kuhisi kitu. Alikuwa na sambaza.

Kupima sikioni

Mashine ya koko inatumika, ila ujue kwamba mashine za binadamu mara nyingi husoma damu ya paka chini kidogo ya ilivyo. Tumia mashine moja kila mara, usilinganishe mbili.

Pasha sikio joto kwa soksi yenye mchele wa vuguvugu, dakika moja. Tazama ukingo wa sikio kwenye mwanga: kuna mshipa mwembamba unaopita karibu kabisa na pembeni. Paka vazelini kidogo tu ili damu isimame kama shanga badala ya kuenea kwenye manyoya. Weka pamba nyuma ya sikio, choma kando ya mshipa, gusisha bandeleti ya mashine. Halafu bana kwa pamba, umpe kipande cha kuku. Kwa wiki mbili tulishindwa mara tatu kati ya tano. Leo anakuja mwenyewe akiona soksi, kwa sababu ya kuku.

Kabla ya sindano katika wiki za mwanzo, ukisoma chini ya 200, usidunge kabla ya kuongea na daktari. Baada ya siku 7 hadi 14 atakuomba mchoro wa siku nzima: unapima kila saa mbili kuanzia asubuhi hadi jioni. Anatafuta namba ya chini kabisa, ambayo wengi hupenda iwe kati ya 80 na 150. Kipimo cha dawa hupandishwa kwa mchoro kama huo. Usikipandishe kwa sababu ya namba moja iliyokukasirisha asubuhi.

Siku alipodungwa mara mbili

Nilimdunga saa moja, nikaenda kazini. Mdogo wangu aliamka, akaona sahani tupu na chupa mezani, akadhani nimesahau. Saa nne koko alimwona Muzee anatembea kama mlevi, anagonga mguu wa meza, kisha akalala ubavu, mdomo unatetemeka. Mtu mwingine angesema amekula sumu ya panya. Koko hali hiyo anaijua kwenye mwili wake. Alipima: 41.

Alifanya hivi, nawe fanya hivi. Chota kijiko cha chai cha asali, au sukari iliyoyeyushwa kwa maji kidogo hadi iwe nzito. Mpake kwenye ufizi na ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Akiwa na degedege, usiweke kidole kati ya meno. Paka ufizi kwa nje tu. Baada ya dakika kumi pima, rudia ikiwa bado. Akiweza kumeza, mpe chakula, na siku hiyo hata bugali si dhambi. Kisha mpeleke kwa daktari hata kama amesimama, kwa sababu insulini bado inaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi na asali huisha kabla yake. Muzee alirudi chini mara mbili mchana ule.

Tangu siku hiyo kuna vikombe viwili kwenye rafu, kimoja kimeandikwa ASUBUHI, kingine JIONI. Usiku naweka seringe moja mpya, tupu, kwenye kila kikombe. Kikombe kikiwa kitupu, paka ameshadungwa, na hakuna mjadala. Ukiwa na shaka kama amepata au hajapata, hesabu kwamba amepata, ungoje zamu inayofuata. Asali inakaa kwenye rafu hiyo hiyo, na kila mtu wa nyumbani anajua ni ya nini, hata mtoto wa dada mwenye miaka sita, ingawa yeye hufungua kifuniko kwa sababu zake.

Hatari ya upande wa pili huja polepole: hataki kula, anatapika, amenyong'onyea, pumzi inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Chovya bandeleti. Ketoni zikionekana kwa paka wa hali hiyo, nenda kliniki siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Umeme ukikatika

Insulini isiyofunguliwa inataka nyuzi joto 2 hadi 8, na isigande hata mara moja. Iliyoganda ikayeyuka haifai tena hata ikionekana nzima. Iweke katikati ya frigo, mbali na sehemu ya barafu. Glargini iliyofunguliwa, kwa maandishi ya chupa yake, hukaa siku 28 chini ya nyuzi 30, na hapa Bukavu, juu ya mita 1,500, nyumba haifiki huko kirahisi. Kwa hiyo moto ukienda usiku mzima usikimbie hovyo. Chupa iingie kwenye chupa nyingine kavu, na hiyo kwenye mtungi wa udongo uliofungwa kitambaa kibichi, mahali penye upepo. Usiiweke dirishani penye jua wala juu ya mashine yoyote inayopata joto. Andika tarehe ya kufungua kwenye plasta, ubandike. Nunua inayofuata ukiwa bado na ya wiki tatu, maana barabara na boti zetu hazina ahadi.

Akianza kupona

Paka, tofauti na koko, anaweza kufika mahali insulini ikaachwa, hasa akianza matibabu mapema na wanga ukitoka kwenye sahani. Habari hiyo nzuri huja na mtego: mwili unaanza kujitengenezea insulini yake huku wewe bado unadunga kama jana. Dalili zake ni bidoni kubaki imejaa, beseni kuwa kavu, namba za asubuhi kushuka 180, 150, 120. Hapo unampigia daktari, naye hupunguza kwa nusu yuniti.

Muzee yuko mwezi wa nne. Alianza na yuniti moja na nusu, sasa ni nusu yuniti, na visigino vimeinuka. Uzito kilo tano na gramu mia nne kwenye mizani ya sambaza. Kila Jumamosi beseni la changarawe linarudi chumbani. Jumamosi iliyopita bandeleti haikubadilika rangi upande wa sukari, na kesho saa moja naanza mchoro mwingine wa siku nzima ili daktari aamue kama hiyo nusu nayo itoke.